Mwokaji keki anayejifunga mdomo ili anusuru macho

Saa kumi na moja alfajiri, keki tatu zimeshatoka kwenye oveni na zinapoa juu ya waya karibu na dirisha. Jikoni kunanukia vanila na siagi, harufu ya kumwamsha hata aliyelala na hasira. Mwanamke mwenye aproni ya bluu anachukua kisu kirefu chenye meno na kuanza kuzikata vichwa, yaani ile sehemu ya juu iliyoumuka, ili keki zikae sawa zitakapopandishwa moja juu ya nyingine.

Kipande kinaanguka mezani, bado kina joto, laini, kingo zake zimekolea rangi. Mkono wake wa kushoto unakiokota na kukipeleka mdomoni. Unagonga kitambaa.

"Umeona?" anasema akicheka, sauti ikitokea nyuma ya kitambaa cheupe alichojifunga kuanzia puani hadi kidevuni. "Mimi nimeshatubu. Mkono ndio haujatubu."

Wateja wanamwita Mama Mwandiko, kwa sababu mtaani kwao hakuna anayeandika jina juu ya keki kama yeye. Herufi zake zinalala upande mmoja na kushikana mikono, na ya mwisho huachiwa mkia mrefu wa madaha. Wapo wanaoagiza keki ndogo kuliko zote, ilimradi tu awaandikie.

Wengi wao hudhani kile kitambaa ni cha usafi. "Wananisifu kweli kweli," anasema. "Eti Mama Mwandiko hata pumzi yake haigusi keki! Nawaacha wasifu. Sifa za bure utazikataaje?"

Ukweli ni kwamba kitambaa hakilindi keki. Kinalinda macho yake.

Aligundulika kuwa na kisukari miaka sita iliyopita, na presha ikafuata. Anakiri kwamba mwanzoni hakuyatilia maanani. Vidonge alimeza, masharti akayaweka kabatini. Mwili haukuuma, kazi ilikuwa nyingi, na mtu asiyeumwa popote ni vigumu kumshawishi kwamba ni mgonjwa.

Kisha ikaja siku ya unywele.

Alikuwa anaandika jina la bwana harusi juu ya keki ya ghorofa tatu alipoona unywele mweusi umelala kwenye krimu. Akachukua kibanio auondoe. Haukushikika.

"Nikachokonoa, nikachokonoa, mpaka nikatoboa keki ya watu," anasimulia. "Nikainua uso, loh! Unywele ule ule uko ukutani. Nikatazama mlango, uko mlangoni. Hapo ndipo nilipojua unywele uko ndani ya jicho langu."

Daktari wa macho alimweleza bila kuzunguka. Mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho ilikuwa inavuja damu. Angechomwa kwa mwale maalumu ili kuiziba ile iliyokwisha kuvuja, lakini sukari isiposhuka, mingine ingefuata, na mwishowe asingeona. Mama Mwandiko aliuliza swali moja tu: kama angeweza kuendelea kuandika. Daktari akamjibu kwamba hilo lilikuwa mikononi mwake mwenyewe.

Alirudi nyumbani na kuanza siku ile ile. Kopo la sukari ya chai likaenda kwa jirani. Soda zikakoma. Wali ukaanza kupimwa kwa kikombe, na nusu ya sahani ikawa mboga za majani. Kwa ajili ya presha, chumvi nayo ikapunguzwa hadi mume wake akauliza kama wamegombana na muuza duka.

Kilichomshinda ni chai.

"Nililia kwa ajili ya chai," anasema, na wala haoni aibu. "Mtu mzima mimi, nimewazika wazazi wote wawili, nimekaa jikoni nalilia kikombe cha chai! Na ukienda kwa watu ukiomba isiyo na sukari, wanakutazama kama umekuja kuwatukana."

Baada ya siku chache chai ikaanza kuwa na utamu kidogo. Akafurahi, akidhani ulimi umeanza kuzoea. Kumbe mama mkwe wake, anayeishi nao, alikuwa anamtilia sukari kwa siri.

"Nilimwonea huruma," anajitetea bibi huyo, mwembamba, mkali wa macho na wa maneno. "Alikuwa anainywa kama dawa ya minyoo."

Hilo nalo likakomeshwa. Lakini miezi ilipita na kipimo hakikushuka. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha mwenendo wa sukari kwa miezi mitatu kilisoma asilimia kumi na moja, wakati alitakiwa awe karibu na saba. Muuguzi wa kliniki, dada mmoja mpole, alimtazama na kumwambia, "Mama yangu, kuna kitu unakula."

Mama Mwandiko aliapa kwamba hali kitu. Akatoka pale amenuna hadi nyumbani.

"Na nilikuwa naapa kweli!" anasema. "Nilimwambia mume wangu, yule binti ananiona mwongo. Nimeacha kila kitu, nimebaki na maji na majani kama mbuzi, halafu naambiwa ninakula."

Jibu lilikuwa jikoni kwake. Jumamosi moja mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mchele, huku mkwewe akiandaa keki za harusi. Bibi alitazama kwa muda, kisha akauliza.

"Mwanangu, mbona unakula?"

"Sili, mama. Nafanya kazi."

"Na hicho kilichoko mdomoni?"

"Hiki ni kichwa cha keki tu."

"Kwani kichwa cha keki kinapitia wapi? Sikioni?"

Bibi hakuishia hapo. Alileta bakuli tupu na kuliweka mezani, akamwamuru kwamba kila anachotaka kutia mdomoni akitie humo. Kijiko cha mchanganyiko mbichi kuonja kama umekolea. Krimu iliyobaki kwenye mwiko. Kidole cha kujaribu aisingi, ule urembo wa sukari wa kupaka juu. Vichwa vya keki, ambavyo ni dhambi kuvitupa. Kufikia mchana, bakuli lilikuwa limejaa hadi juu.

"Nililitazama lile bakuli ndipo nikaelewa," anasema Mama Mwandiko. "Maana mimi kwangu kula ni kukaa, uwe na sahani mbele yako. Nikiwa nimesimama na aproni, hiyo ni kazi. Nilikuwa nakula keki nzima kila siku na sijui!"

Waokaji wenzake watamwelewa mara moja. Ulimi ndio kipimo chao cha kwanza, na mkono huenda wenyewe bila kuomba ruhusa. Alirudi kliniki kumwomba radhi yule muuguzi. Dada akamshika mkono tu na kumwambia kwamba wapishi karibu wote anaowahudumia hukwama hapo hapo.

Kujua ni jambo moja, kuuzuia mkono ni lingine. Alijaribu kuahidi, akajaribu kutafuna karafuu, wapi! Mume wake, fundi cherehani, ndiye aliyekuja na dawa. Alimpima uso kwa futi, kwa umakini wa fundi anayeshona suti ya waziri, akamshonea kitambaa chenye kamba nne za kufungwa kisogoni. Mtu mwenye mikono iliyojaa krimu hawezi kuzifungua.

"Nilimwoa akiwa na maneno mengi," anatania mume huyo. "Miaka yote hii, kumbe dawa ilikuwa kipande cha kitambaa!"

Lakini kitambaa kile karibu kiue biashara. Fundi aliyezoea kuonja amenyang'anywa ulimi, akili inahama. Wiki ya kwanza tu, keki ya uchumba iliondoka jikoni haina chembe ya sukari ndani. Kaka wa bibi harusi mtarajiwa akairudisha, akafungua boksi mlangoni. Hakutukana. Alisema tu, "Mama, hebu onja."

Na yeye ndiye asiyeweza kuonja. Akasimama pale na kitambaa chake mdomoni, machozi yanamlengalenga. Mama mkwe ndiye aliyemega kipande, akatafuna, akatoa hukumu: "Huu ni mkate."

Keki nyingine iliokwa siku hiyo hiyo bila malipo, lakini habari ilishasambaa, na baadhi ya wateja hawajarudi mpaka leo. Yule kijana alipoondoka, Mama Mwandiko alifungua kitambaa akakitupa kwenye pipa la taka. Akatangaza kwamba anarudi kuonja, kidogo tu, maana watoto wa watu hawawezi kula mikate siku ya furaha yao.

Mama mkwe alikitoa kile kitambaa pipani, akakifua, akakianika. Kisha akamwambia maneno ambayo mkwewe anayarudia polepole.

"Aliniambia, keki imeharibika, umeoka nyingine. Hayo macho yakiharibika, utaoka mengine?"

Asubuhi yake alikwenda kununua mizani. Siku hizi hakadirii tena. Kila kitu hupimwa kabla hajawasha oveni na kupangwa kwenye bakuli upande wa kushoto, na bakuli likishamwagwa huhamia kulia. Likibaki hata moja kushoto, haoki. Kazi ya kuonja ilipewa mume kwanza, lakini kwake kila kitu kilikuwa "kitamu sana mke wangu," akafukuzwa. Nafasi ikachukuliwa na mama mkwe, asiyemsifu mtu.

Vichwa vya keki sasa hutiwa kwenye mifuko midogo na kuuzwa kwa wateja wa cherehani wanaosubiri nguo zao. Pesa yake ndiyo inayonunua vijiti vya kupimia sukari.

Hajifanyi malaika. Mwezi uliopita alikunywa soda nzima harusini, na anasema ilikuwa tamu na hataki kudanganya. Kesho yake akafunga kamba zake nne na kuendelea. Ni ushujaa usiopigiwa makofi, wa kuishi siku nzima ndani ya utamu, kuwapa wengine, na kubaki na chai yako chungu.

Wiki iliyopita alimulikwa macho tena kliniki. Daktari alitazama jicho la kushoto, akatazama la kulia, akarudia.

Mishipa iliyochomwa haivuji tena. Jicho la kulia lina wingu dogo ambalo huenda lisiondoke, lakini la kushoto liko salama, na kipimo cha miezi mitatu kimeshuka hadi saba na ushee. Ameambiwa arudi baada ya miezi sita. Alipofika barabarani alisimama akasoma kwa sauti maandishi ya kila duka, wapita njia wakimshangaa.

Ana mpango mmoja. Binti yake wa pekee, aliyeolewa mji mwingine, ni mjamzito, na keki ya kumpokea mtoto Mama Mwandiko mwenyewe ndiye atakayeioka, yenye sukari kidogo kuliko zote alizowahi kuoka. Binti na mumewe bado wanabishana kuhusu jina. Juzi binti alipiga simu akasema labda wachague fupi, ili mama asichoshe macho.

Mama Mwandiko anajaza krimu kwenye mfuko wa kupambia na kuukunja mdomo wake.

"Nimemwambia asinionee huruma," anasema. "Wachague refu wanavyotaka. Nitaliandika lote."