Majaribio Kumi na Moja ya Programu ya Kilo

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la tano. Nikatengeneza redio, nikatengeneza jenereta, kisha lugha ya C, ile ya kuandikia programu za kompyuta, nikajifundisha mwenyewe ndani ya kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Kisangani nzima, miaka ile ya vita, niambieni nani mwingine aliijua bila diploma.

Mto tulioutegemea kwa mizigo ulikuwa umefungwa. Chumvi, sabuni, maharage, vyote vilikuja kwa ndege kutoka Goma. Patron wangu, mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, ndiye aliyeikodi ndege na kuwagawia wenzake nafasi, senti sitini za dola kila kilo. Mimi niliandika programu ya kuhesabu bei ya kila mtu. Aliniambia waziwazi: ndege tatu bila kosa, ukubwa wa depo, ghala letu la mizigo, ni wako, wewe ndiye utaisimamia. Niliutaka ukubwa ule mpaka kiti kikanishinda kukalia.

Sokoni kwetu hakuna anayeamini mizani hivihivi. Unakuja na mfuko wako wa chumvi unaoujua uzito wake, unauweka kwanza. Ikisema kweli, ndipo muzigo unapanda. Nikasema, bon, programu nayo ipimwe hivyo, kipande kwa kipande. Fundi mwenzangu alikuwa na disketi kutoka Kampala, yenye programu tayari ya kupimia programu za C.

"Kamata, grand frère. Batu balikwisha kuitumia," akasema, akiniita kaka mkubwa.

"Ya batu iko ya batu. Mimi nitajenga yangu."

"Una kichwa nguvu!"

"Niko na kichwa ya akili. Sema muzuri."

Ukweli ni kwamba disketi ile niliijaribu kwa siri. Kompyuta yangu kuukuu ilikosa nafasi ya kuibeba. Nikajenga yangu kwa mistari arobaini: unaipa kilo, unaipa jibu unalolijua, programu ikitoa jibu hilohilo inaandika NDIYO, isipotoa, HAPANA.

Naandika mistari miwili, natoka barabarani kusikiliza kama ni ndege au ni mabomu, narudi. Mafuta ya jenereta yanapungua. Majaribio kumi ya mizigo midogo niliyahesabu kichwani: kilo mia, dola sitini. La kumi na moja lilikuwa la kilo elfu mbili. Hapo nikasikia ngurumo ya ndege. Badala ya kuhesabu, nikaiuliza programu yenyewe. Ikasema 544.64. Nikainakili kama jibu sahihi. NDIYO kumi na moja! Nikamwonyesha patron, kifua mbele.

Ndege mbili zikapita vizuri, mizigo ilikuwa midogo. Ya tatu ikaleta mtu wa chumvi mwenye kilo elfu moja mia nane. Programu ikasema 424.64. Akalipa haraka, bila kubishana, jambo ambalo peke yake lingetosha kunishtua. Chumvi ikaondoka juu ya baiskeli za toleka, zile za kukodi.

Nyuma yake alikuwa mama wa sabuni.

"Mimi kilo mia tano, nalipa mia tatu. Ule wa kilo mingi vile analipa mia ine na kitu? Tonton, mashini yako iko ndugu yake?"

Watu wakacheka. Nikamfungulia majaribio yangu anyamaze. Akatazama la mwisho.

"Elfu mbili kwa senti makumi sita ni dola elfu moja mia mbili. Nani alikupa hii jibu?"

"Programu."

"Yee! Unauliza mizani kama inadanganya?"

Nilipochunguza nikakuta aina ya namba niliyoichagua kuhesabia senti inajaa kwenye 65,535. Ikizidi hapo inaanza tena sufuri, kama kilometraji ya gari. Na mimi niliitegemea ijipime yenyewe.

Mtu wa chumvi, aliyepaswa kulipa dola elfu moja na themanini, hakuonekana tena. Patron hakupiga kelele.

"Rubani analipwa kilo zote, donc ulipe feza yenye inakosa, ubakie na depo. Ao ukatae, uende."

Niliuza jenereta na pikipiki, nikabaki, na depo nikaipata. Ilinigharimu dola mia sita hamsini na tano na senti thelathini na sita.