Biskuti za Tofi kwa Mama Mkwe

Nilitoka Arusha na begi moja na sufuria tatu zilizoingiana. Singida nilikula kuku, Kahama nikabadilisha basi, Nyakanazi nikashuka nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na nilishahama miji tisa. Mtu mmoja wa Runazi, huko Biharamulo, alikuwa ameniahidi kazi ya kuoka mikate. Nilipofika nikakuta tanuri lake limegeuzwa ghala la maharage. Alinicheka kwa upole, akanilisha ugali wa muhogo wiki mbili, kisha akanitafutia lori lililokuwa linapanda Ngara, ambako mafundi wa barabara walihitaji mpishi. Siku nzima tulipanda na kushuka vilima, mimi nikiwa juu ya mifuko ya saruji, na jioni wakaniteremsha Ntobeye.

Kambi haikuwa na nafasi ya kulala, kwa hiyo nilipanga chumba kwa mjane mmoja wa rika langu. Nilimwita dada, naye akaniita kaka. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakati yeye bado anabebwa mgongoni, na alikuwa ameolewa na Mhangaza wa pale pale. Hawakujaliwa mtoto. Alilima migomba na maharage, na alikuwa na ulimi.

"Mwanaume mzima unapepeta unga," aliniambia wiki ya kwanza. "Kwenu wanawake wanafanya nini?"

"Wanawacheka wanaume, kama wewe."

Biskuti nilizijulia Arusha, kwenye jiko la hoteli ndogo. Mwenye hoteli alikuwa mama wa Kizungu, na alinifundisha kwa kunipiga vidole na mwiko. Kule Ntobeye nilizipika Jumapili ili nisiisahau kazi. Sikuwa na tanuri. Nilitandika mchanga ndani ya sufuria kubwa, nikaweka sinia dogo juu ya mawe matatu, nikafunika, kisha nikapanga makaa chini na juu ya mfuniko. Za kwanza ziliungua chini na kubaki mbichi juu. Dada alizila zote. Alisema sehemu mbichi zinasaidia zilizoungua.

Jumapili moja, nikiwa nakoroga unga, aliniuliza kama naweza kumpikia mama mkwe wake.

Habari za mama mkwe nilikuwa nimezisikia kwa majirani. Mume wa dada alikufa ghafla baada ya kula maharage aliyopikiwa na mkewe. Hospitali walisema ni moyo. Mama yake alisema ni maharage. Hakusema kwa sauti wala hakwenda kushtaki. Aliacha tu kula kwa mkwewe. Kila mwaka, siku ya kumwombea marehemu, alikuja na mkeka wake na chupa yake ya maji, akasali, akaaga. Na watu wakimwona mama mzazi hali, nao hawali. Dada alikuwa akipika sufuria nzima ya ndizi na kuwamwagia mbuzi.

"Huu mwaka wa sita," alisema. "Mwaka wa kwanza nilionja kila kitu mbele yake. Akaniangalia kama ninaigiza. Sasa hataki kabisa kitu kilichotoka mkononi mwangu. Lakini wewe ni mgeni, huna ugomvi na mtu yeyote hapa. Akila kitu chochote ndani ya ua huu, mimi nitalala usingizi."

"Kitu gani?"

"Hizo zako. Ila usizikaushe. Mama hana magego."

Nilikwenda Ngara mjini kutafuta chokoleti. Mwenye duka alikuwa mtu ambaye babu yake alitoka pwani, na alikuwa bado anazungumza kama yuko barazani kwao.

"Chokoleti ya kupikia? Bwana wee, inapikiwa nini huko Ntobeye, kisamvu?"

"Hata ya kula tu, bora isiwe na karanga."

"Sema basi kwamba unaposa."

"Nampikia bibi kizee asiye na magego."

"Lo! Ndiyo maana wenzako wote wana wake."

Alinipa vipande viwili vilivyokuwa vimeyeyuka na kuganda tena mpaka vikawa na rangi ya majivu. Nilivichukua. Kwenye moto rangi hiyo hupotea.

Siku ya sala niliamka mapema. Nilianza na tofi: sukari na siagi katika sufuria ndogo, moto mdogo, kukoroga bila kuacha mpaka iwe rangi ya asali ya nyuki wadogo. Dada alisimama mlangoni.

"Unaunguza sukari makusudi? Nusu kilo?"

"Subiri."

Nilidondosha tone kwenye maji baridi, likalia ta. Nikaimwaga kwenye sinia lililopakwa siagi, ikaganda kama kioo. Kwa kuwaonea huruma wasio na magego niliitwanga kwenye kinu mpaka ikawa chenga ndogo, ambazo zikirudi motoni hulainika. Chokoleti niliikata kwa kisu. Nikachanganya na unga, mayai na baking poda, nikapanga biskuti nane nane. Nilizitoa zikiwa bado laini katikati, kwa sababu biskuti huendelea kujipika nje ya moto. Ua wote ulinukia. Dada hakugusa hata moja. Alikuwa hajala tangu jana yake.

Bibi alifika akiwa na mkeka kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mpishi wa barabara?"

Sala ilipokwisha, majirani wakabaki kwenye viti vyao wakisubiri kuona. Nilipanga biskuti kwenye sahani nzuri ya dada, nikazifunika kwa kitambaa cheupe, nikampelekea bibi kwa mikono miwili. Nikafunua. Nikarudi nyuma hatua mbili na kusimama, mikono mgongoni, kama nilivyofundishwa hotelini.

Aliziangalia muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi.

"Uliyepika, mbona huli?"

"Mpishi hali mbele ya mgeni, bibi."

"Haya. Asante. Nimeshiba."

Akaikunja mikono mapajani. Nyuma yangu jirani mmoja aliguna. Niligeuka nikamwona dada, na hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kule mwenye kitu ndiye anayeanza. Akileta pombe ya ndizi hupiga funda la kwanza mbele yako, akileta chakula humega yeye kwanza, ili uwe na amani. Nilikuwa nimeliona hilo kila siku tangu nifike na sikulifikiria hata mara moja. Mtu pekee ambaye mkono wake ulikuwa hauna neno alikuwa amesimama kama askari, akimwangalia bibi ale peke yake.

Nilikaa chini, nje kidogo ya mkeka, nikala moja. Nikala ya pili. Ya tatu tofi ilinigandisha meno, nikashindwa hata kusema karibu. Watu wakacheka.

"Huyu ana njaa yake mwenyewe," alisema bibi, lakini mikono ilibaki mapajani.

Ndipo dada akaja. Hakuonja kwa adabu kama mtu anayeonyesha kitu. Alikaa kwenye ncha ya mkeka bila kukaribishwa, akachukua biskuti, akaing'ata kama mtu aliyeshinda na njaa, ambavyo ndivyo alivyokuwa. Chenga zilimwangukia kifuani. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anaendelea kutafuna. Bibi alimtazama mdomoni mpaka akameza.

"Nipe hiyo," alisema.

Dada alinyoosha mkono kwenye sahani.

"Siyo hizo. Hiyo uliyoing'ata."

Alipewa. Aliitia mdomoni yote, akaimung'unya kwa muda mrefu, shavu moja limevimba.

"Sukari nyingi mno," akasema mwishowe. "Mnatupa sukari hivi? Leta maji."

Hakufungua chupa yake. Dada alikimbilia mtungi, na majirani wote wakanyoosha mikono kwenye sahani kwa pamoja. Mimi sikuona tena hata moja.

Baada ya hapo bibi alianza kuja bila sala. Alikuja siku za soko la Bugarama, akapumzika, akala. Mvua zilipoangusha ukuta wa nyumba yake, dada alikwenda kumchukua, na usiku ule wakalala kitanda kimoja. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu. Hakuna aliyeniambia niondoke. Dada hata aliudhika niliposema naondoka.

"Nani amekufukuza?"

"Hakuna. Barabara imeshapita, kambi inahama."

Kambi ilikuwa bado na miezi miwili. Nadhani alijua.

Asubuhi niliyoondoka gari la kwenda Benaco lilikuwa linapiga honi barabarani. Nilipiga hodi jikoni kuaga. Walikuwa wameinamia sufuria ya maharage wote wawili, bibi ameshika mwiko, wanabishana kwa Kihangaza kuhusu chumvi. Niliita mara ya pili.

"Ingia, kaka, uonje!" alisema dada bila kugeuka. "Mwambie mama kwamba imetosha."

Nilionja. Ilikuwa haijatosha, na nikamwambia hivyo. Bibi akapiga makofi kwa furaha, dada akaniita msaliti, na gari likapiga honi tena.