Mpini wa Nyuma

Jumamosi nilikuwa Katwe, kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, nikisubiri bawaba ya geti langu ichomelewe, nikikaa na kuinuka kwa kukosa subira. Sakafuni fundi alikuwa amechora kwa chaki baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Mwenye kutengenezewa, mwanamke wa miaka thelathini hivi ambaye miguu yake haimbebi, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kando. Mama yake na kaka yake ndio walioinamia mchoro, wakibishana.

"Iwe na mkanda," akasema kaka.

"Na paa," akasema mama.

Fundi akamgeukia mama kwa heshima. "Nyabo, mpini wa nyuma wa kusukumia tuweke juu ama chini?"

"Usawa wa kiuno changu. Mimi ndiye nasukuma." Fundi akauchora nyuma ya kiti.

Binti akateremka kitini, akajivuta kwa mikono mpaka kwenye mchoro, akaufuta mpini kwa kiganja.

"Usiweke," akamwambia fundi.

"Na mlima ukikushinda?" mama akauliza.

"Nitaomba, Mama. Siku hizi hata kabla sijaomba, nashtukia tumeshaondoka."

Mabega ya mama yule yameinama kwa miaka ya kusukuma, na yaelekea hakuna aliyewahi kumpokea kazi hiyo, hilo silisahau. Lakini wengi wetu hupenda kusaidia tukiwa nyuma ya mtu, mahali asipotuona tukimchagulia njia.

Binti alipogeuka kurudi kitini, mimi na mama yake tulinyoosha mikono kwa pamoja. Akatutazama, akangoja. Yangu niliitia mfukoni. Ya mama ilibaki hewani, haijui iende wapi.