Aliyemshikia Mama Vibanio

Mama alikuwa dobi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alianza akiwa msichana, akaacha mikono ilipomkatalia. Majina ya wagonjwa hakuyajua. Dobi hujua namba ya wadi iliyochapwa pembeni mwa shuka. Ukimtania kuhusu kazi yake, anakujibu, "Shuka halina kichaa. Linachafuka kama la kwenu." Babu aliipinga kazi hiyo mpaka akamsusia, nasi tukadhani ni aibu tu.

Jambo moja mama hakulifanyia mzaha. Mama yake alifariki akimzaa. Ndivyo babu alivyomwambia, ila kaburi hakumwonyesha. Mwaka huu, figo zilipomlaza, mama akaniomba, "Nitafutie alipolala mama, mnizike karibu naye. Sikuwahi kukaa naye hata siku moja."

Nikauliza ukoo mzima, nikaambulia patupu. Kisha serikali ikaweka mtandaoni kumbukumbu za zamani, za magereza, mahakama na hospitali, mtu azipekue kwa simu yake. Nikaandika jina la bibi na la mumewe, bila matumaini. Likaja jalada la hospitali ile ile ya mama.

Bibi hakufa kwa uzazi. Babu alimpeleka pale mtoto akiwa bado mchanga kabisa: bibi alikuwa halali, hali, anazungumza peke yake. Akaishi mle hadi uzeeni, na sehemu ya wageni waliomtembelea haikuandikwa kitu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Babu kifo kilimstahi, akaja kuumbuliwa na simu. Nilimlaani kwa sauti, marehemu au si marehemu.

Nilitaka kumficha mama, lakini nilipoingia chumbani akanisoma usoni.

"Umempata. Sema."

Nikamwambia yote. Nikamwambia na kaburi halipo: wagonjwa wasiokuwa na ndugu walizikwa nyuma ya chumba cha kufulia, na leo pamejengwa maegesho ya magari.

"Picha ipo?"

Nikampa simu. Alikuwa bibi kizee aliyenyolewa kichwa, ndani ya gauni la hospitali. Mama akaisogeza karibu na macho.

"Huyu si Mama Vibanio?"

"Mama Vibanio ndiye nani?"

"Mgonjwa wa wadi ya sita. Alikuwa anakuja kunisaidia kuanika. Ananishikia vibanio, ananipa kimoja kimoja." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Kila siku anataka kuondoka. Anasema ana mtoto mchanga nyumbani, hajanyonya. Kizee kile! Tulikuwa tunamcheka, mwanangu."

"Mama, hukujua."

"Wenzangu walimfukuza. Mimi nilikuwa namshika mkono, namrudisha wadini. Namwambia, 'Tulia, mama. Mtoto ameshakua.'"