Matufaha Yaliyopunguzwa

Wiki jana sokoni Tala, muuzaji alijisifu kwa matufaha yake makubwa: "Mzee, tuliyapunguza yakiwa madogo." Nikakumbuka alasiri ambapo mama alichuma matunda machanga ya mti wetu na kuyatupa vumbini, yakinuka uchachu.

"Mwaitu, mbona unayatupa?" nilimuuliza mama.

"Yakibaki yote, maji hayatatosha. Hakuna litakalonona."

Tulikuwa watoto tisa. Jumapili iliyofuata nilipelekwa Katangi kwa shangazi, peke yangu, nikaamini kwamba nami nimechumwa. Baadaye sana nilifahamu kuwa shangazi hakujaliwa mtoto, naye ndiye aliyeniomba. Ieleweke wazi: hakuna aliyenieleza wakati ule, na hilo silisamehe.

Mti wangu wa matufaha, hapa nyumbani Mumbuni, sijaupunguza kamwe. Matufaha yake ni madogo, machachu, nami nayala peke yangu.