Mkutano wa Tarvær Uliokwenda Kunywa Kahawa

Petrikke Ytrenes alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye mwandiko mzuri kumshinda kasisi na ulimi mkali kama kisu cha kupasulia samaki. Hakuolewa. Ukimuuliza kwa nini, alisema wanaume wa Tarvær anawajua mno, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiandika maneno yao.

Na kweli aliyaandika. Kisiwa chetu kilikuwa na halmashauri yake tangu mwaka 1898, wazee walipochoka kumngoja mkunga wa bara, ambaye kila alipofika alimkuta mtoto keshaanza kutambaa. Tulikuwa watu mia nne na kitu, bila barabara wala gari, lakini tulikuwa na madiwani kumi na watatu, shule, mkunga wetu wenyewe na mhuri wenye picha ya shakwe. Petrikke aliajiriwa akiwa na miaka kumi na tisa, kazi yake kuwasha jiko na kufagia chumba cha mikutano juu ya shule. Katibu wa wakati huo alikuwa na tabia ya kusinzia. Siku moja mwenyekiti akamtaka asome kumbukumbu za kikao kilichopita, ukurasa ukakutwa mweupe pe. Petrikke, ufagio mkononi, akazisoma zote kutoka kichwani, pamoja na matusi. Haukupita mwaka, kalamu ikawa yake.

Mimi ninayesimulia naitwa Anfinn, mwenye duka la gatini. Nilikuwa diwani kwa kipindi kimoja tu, ndipo wakatufuta.

Wakubwa wa Oslo waliona nchi ina halmashauri nyingi mno, na ndogo ndogo kama dagaa. Barua ikaja: kuanzia siku ya kwanza ya mwaka 1964, Tarvær itakuwa sehemu ya Innernes, kule bara. Kikao cha mwisho kifungwe rasmi, kisha vitabu, funguo na mhuri vikabidhiwe.

Tulikutana tarehe thelathini Desemba, mchana. Ajenda zilikuwa mbili. Ya kwanza ilihusu kondoo dume aliyekula kabichi za kasisi, nayo ilichukua saa nzima. Ya pili ilikuwa kujifuta. Mwenyekiti wetu, mzee Kornelius Breivær, jitu la miraba minne lililowahi kuvuta mashua peke yake kutoka kwenye mwamba, aliinua nyundo ili agonge meza. Mkono ukagoma hewani. Tukaona ndevu zake zinatetemeka, na kila mmoja akaangalia viatu vyake.

"Bwana mwenyekiti," Petrikke akasema, "kahawa imechemka."

"Petrikke, mama, si sasa."

"Ni sasa hivi. Kanuni inaruhusu kikao kusimama kwa ajili ya kahawa. Niandike?"

Kornelius akashusha nyundo taratibu, ikalala mezani bila sauti. "Andika," akasema.

Akaandika: *Saa saba na nusu mchana mkutano ulisimama kwa kahawa.* Tukanywa, tukala lefse, zile chapati laini za viazi, tukarudi majumbani. Sikufikiri lolote. Lakini Alhamisi ya kwanza ya Januari niliona moshi unatoka kwenye bomba la jiko la shule, nikapanda kuchungulia. Petrikke alikuwa amekaa, kitabu wazi mbele yake.

"Umechelewa," akaniambia. "Mapumziko yamekuwa marefu."

"Petrikke, tumefutwa!"

"Halmashauri imefutwa. Mkutano haujafungwa. Kaa chini, Anfinn, unaingiza baridi."

Jioni ile tulikuwa wanne. Alhamisi iliyofuata tulikuwa tisa, Kornelius akiwa kwenye kiti chake kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wa bara walipokuja kuchukua mali, Petrikke aliwapa vitabu kumi na kimoja. Cha kumi na mbili akakifunika kwa aproni. "Hiki kinatumika," akawaambia, na kwa kuwa hakuwa amedanganya, hawakuona kitu usoni mwake. Mhuri walipouliza, alisema utafutwe. Wakautafuta kwa bidii. Alikuwa ameukalia.

Basi tukaendelea. Tuliamua nani achimbe mboji ya kuwashia jiko upande gani, nani agonge kengele wakati wa ukungu, na kesi ya kondoo tukaimaliza mwaka 1965 kwa kondoo kufa. Kule Innernes makarani walikuwa wamemeza halmashauri tano kwa mpigo na walikuwa na kiungulia. Barua zao zilikuja zimeandikwa "Kwa wakazi wa Tarvær", na kila moja ilijibiwa ndani ya wiki, kwa mwandiko safi, na shakwe wa wino pembeni. Hawakujua tulikuwa nani, ila tulijibu. Wakaanza kutuomba maoni. Mwaka 1969 taarifa yao ya mwaka ilisifu "utaratibu wa kupigiwa mfano kisiwani Tarvær". Petrikke alitusomea sentensi ile mara tatu, na mara ya tatu Kornelius alicheka mpaka kiti kikavunjika mguu.

Oktoba ya mwaka 1971 akaja mtu mwenye akili. Aliitwa Sigvard Aune, mkurugenzi mpya wa Innernes, aliyekagua majalada yote na kukuta kamati isiyo na hati ya kuzaliwa. Akapanda boti aje aione mwenyewe. Upepo ulikuwa wa kusini magharibi. Aliingia kikaoni ameshikilia fremu ya mlango, rangi yake kama ya mwani, koti limelowa na lina alama ambazo hatukumuuliza.

"Ninyi ni akina nani?"

"Ni mkutano wa Tarvær, bwana," Petrikke akajibu. "Tuko mapumziko."

"Mapumziko ya nini?"

"Ya kahawa. Utakunywa?"

Kusikia neno kahawa, Aune akaziba mdomo. Akarudi nje. Aliporudi ndani alikuwa mkali. "Halmashauri hii ilifutwa miaka saba iliyopita! Mnatumia mhuri wa chombo kilichokufa. Hii ni jinai!"

"Aliyekufa mbona umemsifu kwenye taarifa?" Kornelius akanguruma.

"Sikuwa mimi! Na nimekuja na jambo jingine." Akatoa bahasha. "Shule hii itafungwa. Watoto kumi na tisa watavuka kila Jumatatu na kulala bara."

Hapo utani ulitutoka. Nilikuwa na binti wawili katika wale kumi na tisa. Mmoja wetu alikuwa ameshanyanyuka, na ngumi zake nilizijua. Lakini Petrikke alichovya kalamu, sauti yake tamu kama sharubati.

"Bwana mkurugenzi, kaa karibu na jiko, masikini. Mgeni akiwepo, mkutano humuuliza neno. Niambie tu: njia ya kutoka Innernes mpaka hapa, umeionaje?"

"Njia?" Aune akafumba macho, bila shaka akaiona tena. "Haifai hata kwa mbwa! Nilidhani nakufa. Nilitamani nife."

"Kwa watoto je?"

"Watoto? Mzazi gani mwenye akili timamu angempandisha mtoto pale!"

Kalamu ikakwaruza. Petrikke akasoma kwa sauti alichoandika, neno kwa neno, haraka haraka kama kasisi mwenye njaa, kisha akasukuma kitabu mbele ya mgeni. "Saini hapa, bwana. Ni kawaida tu."

Sasa, mtu aliyekaa ofisini miaka ishirini, ukimwekea karatasi na kalamu, mkono wake hufanya kazi bila kumuuliza. Aune akasaini. Hata tarehe akaweka.

Alielewa alichofanya yapata nusu dakika baadaye. Alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Lete kitabu hicho, mama!"

"Kitabu kipi?" Petrikke akasema, tayari amekikalia. "Hiki cha chombo kilichokufa?"

Upepo ulimfungia kisiwani siku nne. Alilala kwa Petrikke, kwenye chumba cha dari, akilishwa mchuzi wa samaki mpaka mashavu yakarudiwa na rangi. Siku ya kwanza alitishia polisi. Ya pili alinyamaza. Ya tatu nilipeleka mafuta ya taa nikawakuta wanabishana kuhusu kukausha chewa, na Aune, ambaye mama yake alikuwa mtu wa visiwa vya kaskazini, alikuwa akishinda. Petrikke alichukia kushindwa, lakini niliona amevaa blauzi ya Jumapili.

Suala la shule lilipofika mbele ya madiwani wa Innernes, kila mmoja alikuta mezani nakala ya maoni ya mkurugenzi wao mwenyewe, imesainiwa, ina shakwe. Aune angeweza kuyakana. Lakini angelazimika kueleza alikuwa akifanya nini kwenye kitabu kile. Akasimama, akasema hana la kuongeza. Shule ilidumu miaka tisa zaidi, na binti zangu wote wawili waliimaliza.

Alhamisi zetu zilipungua zenyewe. Wazee walikufa, vijana wakapata televisheni. Kornelius alipofariki majira ya baridi ya 1974, Petrikke hakutoka nyumbani kwa wiki mbili. Nilipompelekea mkate alinifungulia, macho mekundu. "Miaka thelathini nimeandika maneno ya yule mzee," akasema. "Nusu yake ilikuwa upuuzi. Nayakosa yote."

Mwaka uliofuata akanishangaza: akagombea udiwani wa Innernes. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Aligonga kila mlango kisiwani, na bara pia, na akapita. Mwandishi wa gazeti alimuuliza kwa nini ameingia siasa uzeeni.

"Nimechoka kuandika wanayosema wanaume," akajibu. "Sasa waandike ninayosema mimi."

Alikaa vipindi viwili, akatuletea boti ya daktari, na akagombana na karibu kila mtu. Karani wa kikao aliniambia kuwa mwaka wa kwanza tu amemaliza kalamu nne kwa kuandika maneno ya Petrikke.