Maziwa kwenye Karai la Enock

Bibi yangu Scolastika anagandisha maziwa kwenye kibuyu tangu akiwa binti, na hapa mtaani Kambarage wateja wake wote wanayajua. Siku hizi anasahau sana. Mimi mjukuu wake ananiita Benedict, jina la marehemu babu.

Nesi mmoja alituambia kuna watafiti wanachunguza kama bakteria wazuri wa kwenye mgando wanausaidia ubongo wa mtu anayesahau. "Bado hawajathibitisha," akasema, "ila anywe tu, hayamdhuru." Basi mimi nikalishikilia hilo. Kila asubuhi namkumbusha kikombe chake.

Jana nikamkuta uani anakunywa mwenyewe, nikafurahi. Halafu nikaona kibuyu kinaning'inia ukutani, kikavu. Maziwa alikuwa ameyagandisha kwenye karai la kaka yangu Enock, lile analochanganyia mchanga wa dhahabu na zebaki kule machimboni Geita. Enock alikuwa amelificha nyuma ya nyumba.

Nikampokonya kikombe.

"Bibi, umekunywa mengi?"

"We Benedict, uchoyo wako haujaisha tangu unioe!" Akacheka. "Kaa nikumiminie na wewe."

Nikamwaga maziwa. Chini ya karai vitone vya zebaki vikawa vinakimbizana, vinang'aa.

Nikapiga kelele kuita bodaboda. Bibi akaacha kucheka. Akanishika mkono, midomo bado myeupe.

"Benedict, nimefanya nini?"

Nikampakia kwenye pikipiki, nikakaa nyuma yake, nikamkumbatia kwa nguvu.